Walinzi wawili, geti moja: mseto wa dawa kwenye homa ya ini B

Kwenye benchi la kliniki ya ini hapa Dar es Salaam, chupa zinazotoka mikobani hazifanani. Mmoja ana chupa iliyoandikwa TDF 300 mg, yaani tenofoviri, basi. Jirani yake, mwenye ugonjwa uleule, ana TDF/3TC, tenofoviri na lamivudini, 300 mg kwa 300 mg. Wa tatu ana TLD, kidonge chenye dawa tatu, kakiviringisha kwenye mfuko mweusi. Haichukui muda swali linazuka: mbona mwenzangu kapewa mbili, mimi moja? Na mwenye moja anarudi zake Mbagala akiamini amepunjwa.

Hajapunjwa. Kwa homa ya ini B sugu, tenofoviri peke yake, kidonge kimoja cha 300 mg kila siku, inafanya karibu kila kinachofanywa na tenofoviri iliyochanganywa na lamivudini. Mseto una mahali pake, na nitapataja. Ila mara nyingi mtu akipewa mseto, sababu haijatoka kwenye ini lake, imetoka bohari: kidonge cha TDF/3TC kimekuwa kikinunuliwa kwa wingi kwa ajili ya VVU, kwa hiyo ndicho kinachopatikana na ndicho rahisi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unakubali jambo hilo waziwazi. Chaguo la kwanza ni tenofoviri au entekaviri moja moja. Pale tenofoviri ya peke yake haipatikani, TDF na lamivudini, au TDF na emtrisitabini, vinaruhusiwa kama mbadala.

Kabla ya kuendelea, neno "sugu" linatuchanganya sana kwenye ugonjwa huu. Homa ya ini sugu ni ile ambayo kipimo cha HBsAg, protini ya ganda la kirusi inayotafutwa kwenye damu, kimeendelea kuwa chanya kwa zaidi ya miezi 6. Usugu wa dawa ni jambo jingine kabisa: kirusi kimebadilika na dawa haikishiki tena. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa sugu kwa miaka 30 bila usugu wowote wa dawa. Wapo wanaosoma neno hilo kwenye kadi wakakata tamaa bure.

Kwa nini VVU dawa tatu, B moja

Watu wameshazoea hesabu ya VVU, na ni haki yao kuuliza. Jibu liko kwenye namna kirusi cha B kinavyoishi.

Kikiingia kwenye seli ya ini, kinapeleka DNA yake hadi kwenye kiini cha seli, na humo inajifunga duara. Wataalamu wanaiita cccDNA. Mimi naiita nakala mama. Kutoka kwenye nakala mama inachapwa RNA, kisha kimeng'enya cha kirusi, polimerasi, kinaigeuza RNA hiyo kuwa DNA ya virusi vipya. Tenofoviri, entekaviri, lamivudini, emtrisitabini na adefoviri, zote zinaziba mahali palepale: kwenye polimerasi. Hakuna hata moja inayoigusa nakala mama.

Ndiyo maana kuweka mbili za kundi hili ni kama kuweka walinzi wawili kwenye geti moja. Wa kwanza akiwa amelifunga sawasawa, wa pili anabaki kupiga stori. Na mwenye nyumba, ile nakala mama, bado yuko ndani. Ndiyo maana pia vidonge humezwa miaka na miaka: vinafubaza, havifuti. Waliomeza vidonge hivi hadi HBsAg ikapotea ni wachache sana.

Kwa VVU mseto unahitajika kwa sababu dawa moja pekee huzaa usugu upesi, na kwa hiyo dawa hushambulia hatua tofauti za kirusi. Cha B kina mkosi wake ambao sisi tunaufaidi: jeni la polimerasi limelaliana na jeni linalotengeneza ganda la nje. Herufi zilezile za DNA zinasomwa kwa namna mbili. Kikibadilisha herufi ili kumkwepa mlinzi, mara nyingi kinaharibu ganda lake chenyewe. Si kila badiliko linaliua, lakini njia za kutorokea ni chache.

Lamivudini ilivyotufundisha adabu

Fikra ya kuchanganya haikuja hewani. Lamivudini iliidhinishwa Marekani kwa homa ya ini B mwaka 1998, kidonge cha 100 mg kwa siku. Ilikuwa rahisi kumeza, haina makeke, na virusi vilishuka haraka. Halafu vikaanza kurudi. Katika miaka mitano ya kuimeza peke yake, takriban asilimia 70 ya wagonjwa walikuwa na kirusi sugu, na badiliko lilikuwa karibu kila mara kwenye kona ileile ya polimerasi, nafasi ya 204. Kwa wenye VVU na B pamoja hali ilikuwa mbaya zaidi.

Adefoviri ikaja mwaka 2002, 10 mg kwa siku. Ilikuwa dhaifu, na huwezi kuongeza dozi kwa sababu inakwangua figo. Hapo mseto ulikuwa na maana ya kweli: mwenye usugu wa lamivudini aliongezewa adefoviri juu yake, hakubadilishiwa, kwa sababu kila moja peke yake ilikuwa mlinzi wa kusinzia. Mazoea mengi ya "ongeza, usibadilishe" yametokea enzi hizo, na baadhi ya watu hawajayaacha.

Entekaviri ilipofika 2005 na tenofoviri ikaidhinishwa kwa B mwaka 2008, hesabu ilibadilika. Kwa ambaye hajawahi kutumia lamivudini, usugu wa entekaviri baada ya miaka mitano ni kama asilimia 1 tu. Kwa aliyekwisha kuwa na usugu wa lamivudini, unapanda hadi karibu nusu, hata ukimpa 1 mg badala ya 0.5 mg, kwa kuwa kirusi kimeshatembea nusu ya safari. Huyo asipewe entekaviri. Apewe tenofoviri.

Je, apewe tenofoviri peke yake au na mwenzake? Hilo lilipimwa. Wagonjwa 280 wenye usugu wa lamivudini waligawanywa, wengine TDF peke yake, wengine TDF pamoja na emtrisitabini. Wiki ya 96, virusi vilikuwa vimezama kwa asilimia 89 ya waliomeza moja na asilimia 86 ya waliomeza mbili. Hakuna tofauti ya maana. Nikitakiwa kuchagua utafiti mmoja wa kumwonyesha anayesisitiza mseto, ni huu.

Mahali ambapo mbili zina hoja

Mahali pa kwanza hapana mjadala: mwenye VVU na homa ya ini B pamoja. Huyu lazima awe na tenofoviri pamoja na lamivudini au emtrisitabini, na dawa ya tatu ya VVU. TLD inamtosha: TDF 300 mg, lamivudini 300 mg, dolutegraviri 50 mg. Dolutegraviri haifanyi lolote kwa kirusi cha B. Mbili za mwanzo ndizo zinazobeba ini.

Mtego uko mbele zaidi. TLD ikishindwa kwa upande wa VVU, au figo zikilegea, mtu anaweza kuhamishiwa zidovudini na lamivudini pamoja na dawa nyingine. Kwenye karatasi ya VVU mpango huo umetimia. Kwenye ini, mtu huyo amebaki na lamivudini pekee, yaani amerudishwa 1998. Tenofoviri inatakiwa ibaki ndani ya mpango mpya kwa ajili ya ini, hata kama kwa VVU haihesabiwi tena. Na kama ni figo ndizo zilizoizuia, entekaviri iongezwe juu ya dawa kamili za VVU. Ni hivyo hivyo kwa mipango ya dawa mbili ya dolutegraviri na lamivudini, na sindano za kabotegraviri: safi kwa VVU, zinaliacha ini wazi. Mwenye B akibadilishiwa dawa za VVU, aulize swali moja tu: tenofoviri bado imo?

Mahali pa pili ni kijana mwenye HBeAg chanya (protini inayoonyesha kirusi kinazaliana kwa wingi) na virusi vingi mno, mamia ya mamilioni kwa mililita, huku ALT yake, kimeng'enya kinachopanda ini likiumia, ikiwa ya kawaida. Kwa wagonjwa 126 wa namna hiyo, hadi wiki ya 192, virusi vilishuka chini ya yuniti 69 kwa asilimia 55 ya waliomeza TDF na asilimia 76 ya waliomeza TDF na emtrisitabini. Tofauti ipo. Lakini HBeAg haikugeuka kuwa hasi zaidi kwa waliomeza mbili, na wengi wa vijana hao, ini likiwa zima na bila sababu nyingine ya kuanza, wangeweza kusubiri. Utafiti mwingine uliolinganisha entekaviri pekee na entekaviri pamoja na TDF kwa wagonjwa 379 ulionyesha picha ileile: kwa jumla hakuna faida ya kuhesabika, ila kwa wenye HBeAg chanya na virusi zaidi ya milioni 100 mseto ulisaidia kuvishusha. Kwa maoni yangu, kama tenofoviri inavishusha taratibu lakini bila kusimama, mwache ashuke. Ini halina haraka ya mwanasayansi.

Mahali pa tatu ni mgonjwa aliyepitia lamivudini, kisha adefoviri, kisha entekaviri, kila moja ikiachwa njiani. Tenofoviri pekee bado humfaa mara nyingi. Virusi vikigoma kushuka, entekaviri 1 mg huongezwa juu yake. Huyo anahitaji mtaalamu wa ini, si ushauri wa kwenye simu.

Sindano ni habari nyingine

Mseto ambao kweli unapiga sehemu mbili tofauti ni kidonge pamoja na pegiinterferoni. Interferoni haizibi polimerasi. Inaamsha kinga ya mwili dhidi ya seli zilizoambukizwa. Ni sindano ya chini ya ngozi, mikrogramu 180 mara moja kwa wiki, wiki 48. Katika utafiti wa watu 740, waliochanganya TDF na pegiinterferoni kwa wiki 48 walipoteza HBsAg kwa asilimia 9.1 kufikia wiki ya 72. Waliopata sindano pekee ni asilimia 2.8, na waliomeza TDF pekee ni sifuri. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye kirusi cha aina A, na aina A ndiyo iliyotapakaa Afrika Mashariki.

Inavutia, mpaka usome masharti. Watu tisa kati ya mia, si tisini. Sindano inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa mwaka mzima, na umeme wa mji huu unaujua. Siku ya sindano na ya pili yake mtu anaumwa homa na viungo, na kwa Dar homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Apime, asimeze dawa ya malaria kila wiki kwa kukisia. Chembe nyeupe na chembe sahani za damu zinashuka, tezi ya shingo inaweza kuvurugika, na wapo wanaozama kwenye huzuni nzito hadi wafikirie kujidhuru. Haipewi mjamzito, wala mwenye sirosisi iliyolegea, yaani ini la makovu ambalo limeshaanza kujaza maji tumboni au kugeuza macho njano.

Mseto mmoja wa sindano umekatazwa kabisa: telbivudini na pegiinterferoni. Uliharibu neva za miguu na mikono, kwa baadhi vibaya sana, na utafiti ukasimamishwa.

Ipo pia bepiroviseni, sindano ya wiki 24 inayolenga RNA ya kirusi. Katika utafiti wa awamu ya pili uliotoka 2022, dozi ya 300 mg iliwafikisha takriban asilimia 9 hadi 10 mahali ambapo HBsAg na DNA ya kirusi havionekani hata wiki 24 baada ya sindano kuisha. Ukiona mtu anauza "dawa mpya ya kumaliza B" Kariakoo, siyo hiyo.

Kabla chupa haijafunguliwa

Kipimo cha VVU, kwanza na bila aibu. Hiki ndicho kinachorukwa, na madhara yake ni makubwa. Mwenye VVU asiyejijua akimeza TDF/3TC kwa ajili ya ini, anakitibu kirusi cha VVU kwa dawa mbili pungufu, na VVU huota usugu kwa dawa hizohizo atakazozihitaji kesho. Entekaviri nayo si salama hapo: peke yake inaweza kuzalisha VVU sugu kwa lamivudini. Kwa upande wa pili, anayemeza PrEP ya vidonge, dawa ya kujikinga na VVU, apime HBsAg kabla, maana tenofoviri iliyomo ndani inafubaza B bila yeye kujua, na akiiacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Pima kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, na uhesabu, usiangalie tu kama namba iko ndani ya mabano ya maabara. Toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo za mwili, zidisha kwa 1.23 kwa mwanamume au 1.04 kwa mwanamke, gawanya kwa kreatinini ya mikromoli, unapata kasi ya figo kuchuja, mililita kwa dakika. Mama wa miaka 55, kilo 58, kreatinini 110: 85 mara 58 mara 1.04, gawanya kwa 110, unapata kama 47. Namba ya 110 yenyewe haitishi mtu, lakini 47 iko chini ya 50, na chini ya 50 kidonge cha mseto cha TDF/3TC hakifai tena. Hapa ndipo mseto unapokuwa mzigo. TDF ya peke yake ingeweza kumezwa kila baada ya saa 48 kwa mwenye 30 hadi 49, na lamivudini ina mpangilio wake tofauti. Zikiwa zimegandishwa kwenye kidonge kimoja huwezi kuipunguza moja ukaiacha nyingine. Kukata kidonge kwa kisu si jibu. Mama huyu ni bora apate entekaviri 0.5 mg kila baada ya saa 48, kama hajawahi kutumia lamivudini, au TAF 25 mg, tenofoviri ile ndogo inayoziacha figo na mifupa kwa amani zaidi.

TAF nayo ina masharti. Imezwe na chakula, na isichanganywe na rifampisini ya kifua kikuu, ambayo huishusha kwenye damu. Mwenye TB anabaki na TDF, au entekaviri kama hana VVU wala historia ya lamivudini. Entekaviri inataka tumbo tupu: saa mbili baada ya kula, na saa mbili kabla ya mlo unaofuata. Wengi huimeza saa nne au tano usiku wakienda kulala. TDF haijali chakula.

Nani aanze? Mwongozo wa 2024 umeshusha ngazi. Mtu mzima mwenye DNA ya kirusi zaidi ya yuniti 2,000 kwa mililita na ALT iliyozidi kawaida (30 kwa mwanamume, 19 kwa mwanamke) aanze. Mwenye makovu ya ini aanze bila kusubiri DNA. Mwenye VVU, homa ya ini C au D, kisukari, ini la mafuta, au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini au sirosisi, naye aanze. Na pale DNA haipimiki, ALT iliyopanda na ikabaki juu inatosha.

Makovu yanakadiriwa hata bila mashine, kwa hesabu iitwayo APRI. Chukua AST, kimeng'enya kingine cha ini, igawanye kwa kikomo cha juu cha maabara, gawanya tena kwa chembe sahani, zidisha kwa 100. AST 64, kikomo 40, chembe sahani 200: 1.6 gawanya kwa 200 mara 100, ni 0.8. Zaidi ya 0.5 inatosha kuanza. Zaidi ya 1 ichukuliwe kama sirosisi mpaka ithibitishwe vingine. Kwa mashine ya kupima ugumu wa ini, mipaka ni kPa 7 na kPa 12.5.

Anayeanza dawa za saratani, Ocean Road au kwingineko, apime HBsAg kabla ya dripu ya kwanza, kwani kinga ikishushwa B huamka. Hata vidonge vya kutibu homa ya ini C vinaweza kuiamsha. Mjamzito mwenye yuniti 200,000 au zaidi, au HBeAg chanya, anapewa TDF kuanzia miezi mitatu ya kati, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24; hapa mseto hauna kazi, TDF inatosha, na kunyonyesha kunaendelea.

Mambo yanayoharibika

Kurudia dawa moja kwa majina mawili. Lamivudini na emtrisitabini ni ndugu wa tumbo moja. Kuzimeza pamoja ni hasara. TDF na TAF zote ni tenofoviri. TDF na adefoviri zinagombania figo zilezile. Mtu mwenye chupa ya zamani kabatini na chupa mpya mkononi anaweza kumeza zote akidhani anajiimarisha.

Kuulizia dozi ya lamivudini. Vitabu vinasema 100 mg kwa B, chupa inasema 300. Dozi ya 300 ni ya VVU, imo tu kwa sababu kidonge kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Figo zikiwa salama haidhuru.

Dawa za maumivu. Diklofenaki inanunuliwa duka la dawa kama pipi, na pamoja na TDF inaumiza figo, hasa kwa mzee, mwenye kisukari, au anayekunywa maji kidogo kwenye joto la Februari. Parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku kwa mwenye ini bovu, ni bora kuliko diklofenaki. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" sizipendi kwa sababu ya kawaida tu: ALT ikipanda, hakuna anayejua kama ni kirusi, kidonge au ile chupa ya soda yenye maji ya kijani.

Chupa yenyewe. TDF/3TC inajulikana mtaani kuwa ni dawa ya CTC, kliniki ya VVU, na ndoa zimetikiswa na lebo hiyo. Kumeza TDF/3TC si ushahidi wa VVU. Omba kadi iandikwe wazi kuwa ni kwa homa ya ini B, na mwenza aelezwe kabla hajaikuta. Naye apime na achanjwe. Kuhamishia vidonge kwenye kopo la vitamini ili kuficha ni kosa jingine: TDF haipendi unyevu, na hewa ya Dar imejaa unyevu. Kile kifuko kidogo kilichomo kwenye chupa kinakausha hewa, kisitupwe. Mfuniko ubanwe, chupa ikae mbali na dirisha, jiko na dashibodi ya gari. Lebo nyingi zinasema isizidi nyuzi 30.

Kuacha. Virusi vinapanda tena ndani ya wiki chache hadi miezi michache, ALT inaweza kuruka mara kumi, na mwenye sirosisi anaweza kufa kwa hilo. Desemba ndiyo mwezi mbaya: mtu anapanda basi Mbezi kwenda Moshi au Bukoba na vidonge vya wiki mbili, anakaa sita. Chukua chupa ya ziada kabla ya safari. Kuruka siku ili vidonge vifike mwisho wa mwezi ni kuacha kwa mafungu. Ukisahau na ukakumbuka ndani ya saa 12, meza. Zaidi ya hapo subiri zamu inayofuata, usimeze viwili.

Kusoma DNA, na kubadilisha kidonge

Angalia kipimo kimeandikwa kwa yuniti au kwa kopi. Yuniti 1 ni kama kopi 5 hadi 6, kwa hiyo kopi 10,000 za maabara hii na yuniti 2,000 za maabara ile ni kitu kimoja, na watu wamebadilishiwa dawa kwa kutoliona hilo. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ina katriji yake ya B.

Kinachohesabiwa ni mara kumi kumi. Kutoka milioni 50 hadi laki 5 ni kazi kubwa, ingawa laki 5 inatisha. Kinachotakiwa kushtua ni kupanda: namba ikizidi mara kumi ya ile ya chini kabisa uliyowahi kupata, mfano kutoka 40 hadi 900, rudia kipimo baada ya mwezi, na kwenye mwezi huo hesabu vidonge. Kwa anayemeza tenofoviri, sababu karibu kila mara ni vidonge vilivyobaki kwenye chupa, si usugu. Kumwongezea dawa ya pili mtu asiyeimeza ya kwanza kunamwachia chupa mbili zilizojaa.

Kreatinini na mkojo wa kuangalia protini na sukari, angalau mara moja kwa mwaka. Kila miezi 3 hadi 6 kwa mwenye kisukari, presha au umri mkubwa. Mwenye sirosisi apigwe ultrasaundi ya ini na apimwe AFP, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini, kila miezi 6 hata kama virusi havionekani tena.

Na bohari ikileta TDF ya peke yake, anayemeza TDF/3TC, asiye na VVU, anaweza kuhamia bila sherehe. Hakuna kupunguza taratibu wala kupumzisha mwili. Leo usiku anameza kidonge cha mseto, kesho saa ileile anameza TDF 300 mg. Chupa ya zamani inarudishwa famasi isije ikamezwa pamoja na mpya. DNA na ALT zinapimwa baada ya miezi 3 hadi 6, na tarehe ya kubadilisha inaandikwa kwenye kadi, pembeni ya namba ya mwisho ya virusi.